Programa ya kuandikia chipu ikiwa ndani ya bodi: tuchague ipi, na tuitumieje?

Fundi_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mafundi na wanafunzi wa hapa Dodoma huniuliza mara kwa mara wanunue programa gani, yaani kifaa cha kuingizia programu kwenye maikrokontrola (chipu inayoendesha bodi). Anayeuliza kwa kawaida ameshaona USBasp, PICkit na ST-LINK kwenye maduka ya mtandaoni, ameshalinganisha bei, na anachosubiri ni kuambiwa ipi ni bora. Swali hilo halijibiki kabla chipu haijatajwa, kwa sababu programa hufuata chipu, na kila familia ya chipu ina njia yake ya kupokea programu. Lakini nimeona pia kwamba aliyenunua programa sahihi bado hukwama, akaamua kuwa ameuziwa feki, ilhali tatizo liko kwenye umeme wa bodi, graundi au pini ya reseti. Kwa hiyo nitapita haraka kiasi kwenye uchaguzi, kisha nitakaa kwenye matumizi, na wenye uzoefu waongeze au wapinge.

Ninazungumzia programa za kuandikia chipu ikiwa imeshalehemewa kwenye bodi yake. Faida yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kung'oa chipu yenye miguu 32 iliyobanana, akainuka nayo pamoja na njia za shaba. Mtengenezaji wa bodi huacha sehemu ya kuunganishia, wakati mwingine bila soketi yoyote, vidoti vya shaba tu vilivyojipanga pembeni, na ukishavitambua kwa mita na karatasi ya data ya chipu, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na AVR, kwa kuwa ndiyo wengi wanayojifunzia kupitia Arduino. Chipu kama ATmega8, ATmega328P na ATtiny85 huandikwa kwa nyaya sita, yaani MOSI na MISO (data), SCK (saa), RESET (reseti), VCC (umeme) na GND (graundi), ambazo hupangwa katika soketi ya pini 6 au ya pini 10. Kwa kundi hili USBasp inatosha kabisa. Ilibuniwa na Thomas Fischl, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana viwanda vingi vya China vinaitengeneza na bei yake iko chini sana. Angalizo ni kwamba AVR mpya, zikiwamo tinyAVR za mifululizo ya 0, 1 na 2 pamoja na familia ya AVR Dx, zimeachana na nyaya hizo na zinatumia UPDI, ambayo ni waya mmoja wa data pamoja na umeme na graundi. USBasp ya kawaida haiwezi kuziandika. Kwa chipu hizo mtu anaweza kutumia adapta ya USB kwenda UART (njia ya kupitisha data kwa mfululizo) pamoja na rizista au diodi ya Schottky, kisha akaiambia avrdude, programu ya kompyuta ya kuandikia AVR, itumie njia ya serialupdi.

PIC ni za Microchip, kampuni ambayo tangu 2016 ndiyo pia inayomiliki Atmel, waliozaa AVR. Hizi huandikwa kwa pini tano za lazima: MCLR (reseti) ambayo pia hupokea VPP (volti ya kuandikia), VDD (umeme), VSS (graundi), PGD (data) na PGC (saa). Hapa uchaguzi unahitaji umakini kidogo, kwa sababu PIC nyingi za zamani zinadai volti zipatazo 13 kwenye MCLR ndipo zikubali kuandikwa. PICkit 2, 3, 4 na 5 zinaweza kutoa volti hizo. MPLAB Snap, ambayo bei yake inavutia, haitoi VPP ya juu wala haiipi bodi umeme. Anayeshughulika na PIC mpya tu anaweza kuridhika na Snap. Fundi wa matengenezo, anayeletewa mageti, taa za dharura na vidhibiti vya pampu vya kila umri, atajuta. Kumbukeni pia kwamba matoleo mapya ya MPLAB X, programu ya kompyuta ya Microchip, yameacha kuitambua PICkit 3, hivyo anayeinunua leo kwa kuwa ni rahisi ahakikishe anahifadhi toleo la zamani la programu hiyo.

STM32 hazina shida kubwa, huandikwa kwa njia ya SWD: SWDIO (data), SWCLK (saa), GND na umeme wa volti 3.3, pamoja na NRST (reseti) panapohitajika. ST-LINK ndogo ya umbo la flashi inatosha, ila soma maandishi yaliyochapwa kwenye gamba lake kabla ya kuunganisha, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana kati ya moja na nyingine hata kama zinafanana kwa rangi. ESP32 na ESP8266 naziacha, maana hizo hupokea programu kwa UART na adapta yoyote nzuri inazimudu.

Sasa matumizi, na la kwanza ni umeme. Kabla hujachomeka chochote, pima VCC ya bodi kwa mita na uamue nani anailisha bodi: ama bodi ina umeme wake, nawe huunganishi waya wa VCC wa programa, ama programa inailisha bodi na umeme mwingine wote umeondolewa. Vyanzo viwili vikikutana, chenye nguvu humsukumia mwenzake, na kinachoungua mara nyingi ni programa. PICkit 3, kwa mfano, inaweza kuipa bodi miliampea 30 tu, kiasi ambacho relei moja ikivuta, au skrini yenye taa ya nyuma ikiwaka, kinakwisha. Hapo utaona programa inaitambua chipu mara moja na kuipoteza mara ya pili, nawe utaanza kutukana waya.

La pili ni kwamba USBasp nyingi za bei nafuu zina jampa ya kuchagua volti 5 au 3.3, na watu huiamini kupita kiasi. Katika nyingi ya hizo, jampa hubadilisha waya wa VCC peke yake, huku chipu ya programa yenyewe ikiendelea kuendeshwa kwa volti 5, maana yake MOSI, SCK na RESET zinabaki kwenye volti 5. AVR yenyewe inaweza isidhurike, lakini kama kwenye nyaya hizohizo za data (SPI) kuna kadi ya kumbukumbu au redio ya nRF24L01, unaipelekea volti ambazo haikuumbiwa. Weka jampa kwenye 3.3, washa, kisha pima mguu wa VCC wa chipu ya programa yenyewe dhidi ya GND: mita ikisoma karibu 5, umepata jibu kuhusu programa yako.

La tatu ni kasi. ATmega328P ikitoka kiwandani inaendeshwa na saa yake ya ndani ya MHz 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani MHz 1, na sheria ya AVR ni kwamba SCK iwe chini ya robo ya kasi ya chipu. USBasp kwa kawaida hutuma kwa kHz 375, ambayo ni zaidi ya robo ya MHz 1. Chipu mpya kabisa inakaa kimya, na mnunuzi anairudisha dukani. Dawa yake ni jampa ya mwendo wa polepole iliyo kwenye programa, au kuandika -B 10 katika amri ya avrdude ili kasi ishuke hadi karibu kHz 100. Chipu ikishawekewa fyuzi (mipangilio ya ndani ya chipu) za kristali ya MHz 16, unarudi kwenye kasi ya kawaida.

Kebo nayo iwe fupi. Sentimita 20 zinatosha kwa kazi zote za mezani, na anayetaka mita nzima ajiandae kusoma makosa yanayobadilika kila anapojaribu.

---

Kijana_CIVE

Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi pale UDOM, na kwa sasa sina uwezo wa kuagiza programa yoyote, ila nina Arduino Uno moja na ATmega328P tupu ninayotaka kuiweka kwenye bodi niliyoichora mwenyewe. Nimesikia kwamba Arduino yenyewe inaweza kuwa programa. Nimejaribu, lakini kompyuta inaniambia ama haipati mawasiliano, ama saini ya chipu (namba ya utambulisho wake) si ile inayotarajiwa. Naomba msaada, na kama njia hii ni ya kupoteza muda nielezwe wazi.

---

Fundi_Nkuhungu

Marahaba kijana. Njia hiyo si ya kupoteza muda hata kidogo, na kwa mwanafunzi ninaipendekeza kabla ya kununua chochote. Pandisha mchoro uitwao ArduinoISP kwenye Uno yako, kisha unganisha pini 10 na RESET ya chipu tupu, 11 na MOSI, 12 na MISO, 13 na SCK, pamoja na volti 5 na GND. Usisahau kwamba ATmega328P ya umbo la miguu 28 ina pini mbili za GND pamoja na VCC na AVCC, na zote ziunganishwe.

Kutopata mawasiliano, kwa Uno, mara nyingi husababishwa na jambo hili: kila kompyuta inapofungua mlango wa USB, Uno hujireseti yenyewe na kuingia kwenye butiloda yake (programu ndogo inayopokea programu mpya), kwa hiyo avrdude inazungumza na butiloda ya Uno badala ya kuzungumza na chipu yako. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND za Uno, mguu hasi upande wa GND, lakini uiweke baada ya kupandisha ArduinoISP, kwa sababu ikiwapo hutaweza kuipandishia Uno kitu kingine.

Kuhusu saini, soma tarakimu zenyewe, zina habari nyingi. Ukiona 1E 95 0F, hiyo ni ATmega328P. Ukiona 1E 95 14, umeuziwa ATmega328 isiyo na P mwishoni. Ni chipu nzima na inafanya kazi, unachotakiwa ni kuitaja kwa jina lake katika avrdude. Ukiona 00 00 00 au FF FF FF, hakuna chipu inayojibu: angalia waya wa MISO, umeme na reseti kwa utaratibu huo. Tarakimu zikibadilika kila unaposoma, basi ni waya mrefu, mguso mbaya wa bredibodi, au kasi.

Na kuhusu fyuzi, kuna mbili ambazo usiziguse ukiwa bado unajifunza. RSTDISBL huigeuza pini ya reseti kuwa pini ya kawaida, na ukishaiweka, programa za aina hii zote zinafungiwa mlango. Kufungua kunahitaji programa ya volti ya juu, yenye volti 12 kwenye RESET. SPIEN nayo ikizimwa matokeo ni hayohayo. Lakini ukichagua kristali ya nje ilhali bodi haina kristali, chipu haijafa: ipelekee mawimbi ya saa kwenye XTAL1 (pini ya saa) kutoka pini ya Arduino nyingine, itaamka, kisha urekebishe fyuzi.

---

Mzee_wa_Makole

Nimesoma yote na ninakubaliana na mengi, ila sikubaliani na dhana ya kuwa na programa moja kwa kila familia. Fundi wa matengenezo hachagui chipu anayoletewa. Asubuhi analetewa bodi ya geti yenye PIC, mchana stabilaiza yenye AVR, jioni redio yenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu) ya mfululizo wa 24C. Kwangu mimi, programa ya jumla kama TL866II Plus au T48 ya XGecu imeokoa kazi nyingi: ina soketi ya kubana chipu, ina pini za ICSP za kuunganisha kwenye bodi, inatoa volti za juu zinazotakiwa na chipu za zamani, na orodha ya chipu inazozitambua ni ndefu mno. Wanaotumia Linux wana programu huria iitwayo minipro. Kwa hapa Dodoma, ambapo kifaa kingi kinaletwa kutoka Kariakoo kwa basi au kinaagizwa nje, mtu akinunua kitu kimoja kinachofanya mengi anapunguza safari na nauli za mizigo.

Halafu niseme lingine. Kiangazi cha huku ni kikavu, upepo na vumbi havikomi, na mtu akivua sweta la nailoni akashika bodi, cheche anaziona kwa macho. Vijana wanaandika habari za fyuzi na saini lakini mezani hawana hata kamba ya mkononi ya kushusha umeme tuli. Kamba hiyo ni rahisi kuliko chipu moja.

---

DadaSaketi

Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo kwenye programa ya jumla naomba nipinge kidogo. Kwa kusoma EEPROM na chipu za soketi, TL866II Plus sina la kuisema. Ndani ya bodi hali ni tofauti. Pini zake za ICSP zipo, lakini familia zinazoungwa mkono kwa njia hiyo ni chache kuliko zinazoungwa mkono kwenye soketi, na haitakusaidia kufuatilia hitilafu hatua kwa hatua wakati programu inaendelea. Kwa anayetengeneza bodi zake mwenyewe, uwezo huo wa kusimamisha chipu mahali unapotaka na kuangalia thamani za vigeu ndio unaomfanya anunue ST-LINK au PICkit. USBasp nayo haina uwezo huo, na watu wengi hawalijui hilo mpaka wamenunua.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni muundo wa bodi. Programa ya kwenye bodi inafanya kazi tu iwapo bodi yenyewe inairuhusu. Kwa PIC, weka rizista ya kiloomu 10 kutoka MCLR kwenda VDD, na usiweke kapasita kwenye MCLR, kwa sababu VPP inatakiwa ipande haraka na kapasita inaichelewesha. PGD na PGC zisiwe na kapasita wala diodi. Kama lazima pini hizo ziendeshe kitu kingine, tenganisha kwa rizista ya kiloomu 1 au zaidi ili programa ishinde. Kwa AVR, kifaa kingine kilicho kwenye SPI kiwekewe rizista ya kuivuta juu CS yake (pini ya kukichagua), la sivyo wakati AVR imeshikwa kwenye reseti, pini zake zote zinaelea, kifaa hicho kinaweza kujiona kimechaguliwa na kuanza kujibu kwenye MISO, halafu mnapata saini za ajabu.

Kwa STM32, ukiwa umeandika programu inayogeuza PA13 na PA14 (ndizo SWDIO na SWCLK) kuwa pini za kawaida, ST-LINK haitaiona chipu tena. Shikilia NRST chini, anza kuunganisha, kisha uachie. Au vuta BOOT0 juu, uwashe upya, chipu itaingia kwenye butiloda ya kiwandani na programu yako haitapata nafasi ya kuzifunga pini hizo. Wenye ST-LINK za umbo la flashi wajue kwamba pini iliyoandikwa RST katika baadhi yake ni ya STM8 na haina kazi kwenye SWD, kwa hiyo reseti mtaibonyeza kwa mkono. OpenOCD, programu ya kompyuta ya kuzungumza na chipu, nayo ikilalamika kwamba imesoma kitambulisho 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, mmeuziwa nakala ya STM32F103. Inaandikika, mradi mbadilishe kitambulisho kinachotarajiwa kwenye faili la mipangilio.

---

Mzee_wa_Makole

Binti, hoja ya kufuatilia hitilafu naipokea. Mimi natengeneza vilivyoharibika, wewe unaunda vipya, na meza zetu hazifanani. Bado nitamshauri fundi anayeanza matengenezo aanze na ya jumla, kisha aongeze PICkit kazi ikimlipa.

---

Mfugaji_Hombolo

Habari zenu wataalamu. Mimi si fundi, nafuga kuku huku Hombolo. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo kidhibiti chake cha joto kimeanza kusoma tarakimu zisizoeleweka. Fundi mmoja ameniambia programu ya ndani ya chipu imefutika, na kwamba ataichukua kwenye mashine ya jirani yangu ya aina ileile na kuihamishia kwenye yangu. Je, jambo hilo linawezekana, na je, kuna hatari kwa mashine ya jirani?

---

Fundi_Nkuhungu

Ndugu yangu, pole. Nianze na usalama wa mtu, kabla ya usalama wa mashine. Vidhibiti vingi vya aina hiyo havina transfoma. Umeme wa volti 230 hushushwa na kapasita na rizista chache tu, na kwa sababu hiyo GND ya chipu imeunganika moja kwa moja na waya wa umeme wa ukutani. Fundi akichomeka programa kwenye bodi hiyo ikiwa imewashwa ukutani, njia ya umeme inapita kwenye programa, kwenye USB, hadi kwenye kompyuta na mkono wake. Bodi ya namna hiyo ichomolewe kabisa, kapasita zipewe muda zishuke, na chipu ilishwe volti 5 za programa peke yake. Ikiwa kazi inalazimisha bodi iwe hai, itumike transfoma ya kutenganisha au kitenganishi cha USB chenye chipu kama ADuM4160, na mwenye USBasp akumbuke kwamba hiyo ni USB ya mwendo wa chini, hivyo kitenganishi kiwekwe kwenye mwendo huo, vinginevyo kompyuta haitaona kitu.

Niongeze hapohapo kwa mafundi: hata bodi ikiwa salama, chaja ya kompyuta mpakato yenye miguu miwili isiyo na ethi huacha volti zinazoelea kwenye chuma na kwenye GND ya USB, zinazoweza kufika karibu nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo, hauui, lakini pini ya chipu haijali udogo huo. Chomoa chaja, fanya kazi kwa betri, na unganisha GND kabla ya nyaya nyingine. Kufanya kazi kwa betri kunasaidia pia umeme ukikatika katikati ya uandishi.

Kuhusu kuhamisha programu, kwanza ajiridhishe kwamba programu ndiyo yenye tatizo. Joto linaloruka ovyo mara nyingi zaidi linatokana na kihisi, waya wake, au kapasita ya umeme iliyochoka, na hayo yanapimwa kwa mita bila kugusa programa. Pili, watengenezaji wengi huifunga chipu isisomwe. PIC iliyofungwa hurudisha sifuri tupu, AVR iliyofungwa hurudisha data isiyo na maana, na STM32 ukijaribu kuondoa ulinzi wake wa kusoma hujifuta yenyewe yote. Hapo ndipo ilipo hatari kwa jirani yako: fundi akibonyeza kufuta ili aondoe kufuli, mashine mbili zitakuwa zimekufa badala ya moja. Kusoma peke yake hakudhuru, kufuta kunadhuru, na baadhi ya programu za kompyuta zimeweka vitufe hivyo viwili vikiwa vimepakana.

Tatu, vidhibiti vya bei nafuu vingi vina chipu za STC, Holtek au Padauk, na wakati mwingine jina limekwanguliwa. STC huandikwa kwa UART, inabidi umeme uzimwe na kuwashwa ndipo ipokee, na kuisoma haiwezekani. Nyingine ni za kuandikwa mara moja tu katika maisha yake. Kwa mashine yako, kama kihisi ni kizima, kubadilisha kidhibiti chote kutakugharimu kidogo kuliko kazi ya kuifufua chipu.

---

Mfugaji_Hombolo

Nashukuru sana. Nitaanza na kihisi, na mashine ya jirani haitaguswa.

---

Fundi_Kondoa

Wakuu, naomba niingize swali langu papo hapo. Nina rimoti ya geti yenye PIC12F675. Nilifanikiwa kupata faili la programu kutoka kwa aliyeiunda, nikaifuta chipu na kuiandika kwa programa niliyoazimwa, uhakiki ukapita bila kosa lolote, lakini rimoti haifanyi kitu. Umeme upo, kristali haina kwa kuwa inatumia saa ya ndani. Chipu nyingine mpya niliyoiandika kwa faili lilelile imefanya kazi vizuri. Nini kinatokea?

---

Mzee_wa_Makole

Kijana wangu, hiyo naijua. PIC12F629 na PIC12F675 zina thamani ya kurekebishia saa ya ndani, ambayo kiwanda huiandika katika neno la mwisho la kumbukumbu ya programu, anwani 0x3FF. Ukisoma chipu mpya utaona pale tarakimu zinazoanza na 34, kwa mfano 3480 au 344C, na kila chipu ina yake. Hiyo ni amri ya RETLW (rudi na thamani) pamoja na thamani yenyewe. Programu nyingi huanza kwa kuita anwani hiyo ili zichukue thamani na kuiweka kwenye OSCCAL, rejista ya kurekebishia saa hiyo.

Programa uliyoazimwa ilifuta kila kitu bila kuihifadhi thamani hiyo kwanza, na sasa 0x3FF ina 3FFF. Chipu inaita pale, haikuti amri ya kurudi, inapitiliza mwisho wa kumbukumbu na kujikuta tena mwanzoni, kisha inaita tena, na inazunguka hivyo bila kufika popote. Uhakiki unapita kwa sababu faili lako halina chochote cha kulinganisha kwenye anwani ile.

Soma chipu uone kama 0x3FF ni 3FFF. Ikiwa ndivyo, tafuta PICkit 2 pamoja na programu yake ya kompyuta, kwa maana ina kipengele cha kupima saa ya chipu na kuitengenezea thamani mpya. Usipoipata, andika mwenyewe 3480 pale, ambayo ni katikati ya masafa ya OSCCAL, na programu itaanza kutembea. Kwa taa au kipima muda kisicho na haraka hiyo ingetosha, lakini rimoti inategemea muda sahihi wa mapigo, kwa hiyo itakubidi upime. Andika programu ndogo inayogeuza pini moja kila baada ya muda unaoujua, pima mawimbi yake kwa mita yenye Hz au kwa osiloskopu, kisha panda au shuka kutoka 80 kwa hatua za 4, kwa kuwa biti mbili za chini hazitumiki, mpaka saa ikaribie MHz 4. Ukishaipata, iandike kwa kalamu kwenye kibandiko ukibandike ndani ya gamba la rimoti, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako.

Na kabla ya kufuta nyingine yoyote ya aina hiyo, soma kwanza, hifadhi 0x3FF pamoja na biti mbili za juu za neno la usanidi, ambazo nazo ni za kiwandani.

---

Fundi_Kondoa

Nimesoma sasa hivi, ni 3FFF kama ulivyosema mzee. Naiwekea 3480 kwanza nione kama itaamka, na osiloskopu nitaiomba kwa rafiki aliye Dodoma mjini nikija huko na bodi yenyewe.